Manesi Wapate Mazoezi Kwanza, Mashine Baadaye

Jamani wanajumuiya, kila tukichangisha pesa za hospitali za nyumbani swali huwa lile lile: safari hii tunapeleka mashine gani? Sasa naona wengi wanataka ile ya kushtua moyo kwa umeme, ya kwenye sinema. Mimi napinga, na naomba mnisikilize kabla hamjanizomea.

Moyo wa mgonjwa ukisimama wodini saa nane usiku, anayefika kitandani wa kwanza si daktari. Ni nesi wa zamu, pengine yuko peke yake. Daktari anaitwa, anatafutwa, na huku dakika zinakwenda. Hata kwa mgonjwa ambaye mashine ingemfaa, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua inampunguzia nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Halafu sinema zinatudanganya: mashine ile husaidia moyo unaotetemeka ovyo tu, moyo uliotulia kimya kabisa haushtuliwi. Vibandiko vyake navyo vina tarehe ya kwisha, na betri pia. Nani atanunua vingine?

Mikono haina betri. Unaweka viganja katikati ya kifua, unabonyeza sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, unaacha kifua kirudi juu, na kila mara 30 unatoa pumzi 2. Njia hii si ngeni, Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins kule Marekani waliiandika mwaka 1960. Ukiisoma ni rahisi. Hebu ifanye dakika mbili mfululizo uone jasho linavyokutoka!

Na hapo ndipo penye kasoro yetu. Ujuzi huu hauna tofauti na kuendesha gari la gia, usipoufanya unapotea, na tafiti nyingi zinaonyesha unaanza kupungua miezi 3 hadi 6 tu baada ya mafunzo. Sasa angalia semina zetu: siku moja hotelini, chai, posho, picha ya pamoja, cheti. (Posho siipingi, mishahara ya manesi tunaijua.) Mwaka unapita, miwili inapita, hakuna aliyegusa tena sanamu ya mazoezi.

Tusifikiri haya ni maneno ya Wazungu. Pale hospitali ya Haydom, Tanzania, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa ya kushangaza: kwenye sanamu walifanya vizuri zaidi, lakini chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Wakaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini. Taarifa ya mwaka 2015 ikasema vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Najua mtoto mchanga shida yake kubwa ni pumzi na mtu mzima ni habari nyingine. Ila mikono inayofanya kazi ni ya binadamu yule yule, na inasahau vile vile.

Kwa hiyo pesa za mwaka huu zinunue sanamu za kifua, moja kwa kila wodi ya hospitali tutakayoichagua, na barakoa za kupulizia. Achaguliwe nesi mmoja wa kusimamia, na alipwe kitu kwa kazi hiyo. Dakika kumi wakati wa kupokezana zamu zinatosha, kila mwezi. Lakini kwanza tumuulize matroni kama dakika hizo zipo, maana wodi yenye nesi mmoja haina hata muda wa chai.

Najua sanamu isiyo na miguu haipendezi kwenye picha ya makabidhiano. Mkutano wa kamati uko karibu, mwenye hoja nyingine aje nayo.