Mkaa uingie kwenye tanuri

Mwandishi, nakubaliana nawe karibu kote, ila si pale unaposema vitu halisi vikizidi vinaua uchawi wa mchezo. Chukua mchezo wa video wa Skyrim: chuma cha pua unakipata kwa kuyeyusha mawe ya chuma pamoja na korundamu. Jamani, korundamu ni oksidi ya alumini, madini yaleyale ya rubi inayochimbwa Longido! Kinachogeuza chuma kuwa cha pua ni kaboni, nayo inatoka kwenye mkaa. Mkaa umo humohumo mchezoni, lakini tanurini hauhitajiki. Wahaya wa Kagera walichoma matete ya kinamasi chini ya tanuri, wakapata chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliyaandika hayo mwaka 1978. Hebu niambie, matete yanayozaa upanga si uchawi tosha?

Na wewe msomaji mwenzangu unayesema wachezaji watachoshwa na uhalisia huu, mimi nimekua nikimvutia babu mivukuto. Kisu alikitoa kwenye springi ya lori, akisoma joto kwa rangi tu, kisha akizamisha makali peke yake na kuacha mgongo upoe taratibu, usije ukakatika. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanajazana pale, hakuna aliyechoka. Magamba ya joka ya mchezoni yabaki, siyapingi. Ila mchezaji apewe mkaa, achague mti wa kuuchoma, na akikosea rangi ya moto upanga umvunjikie vitani.