Mwananchi Aulizwe Kwanza

Katika mikutano yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe huulizwa swali hili: je, nchi ikijitoa katika umoja wa kimataifa, sehemu zake nazo hupata hamu ya kujitenga? Swali hili halifai kupuuzwa, kwani linatuhusu.

Mwaka 2016 Uingereza ilipiga kura kutoka Umoja wa Ulaya. Asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki, lakini wakatolewa kwa wingi wa kura za wenzao. Hata hivyo, uungaji mkono wa uhuru wa Uskoti haukupanda kwa kudumu mara moja. Ulivuka nusu katika kura nyingi za maoni za mwaka 2020, kisha ukarudi karibu na nusu.

Jirani zetu wanatupa funzo la karibu zaidi. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, bila Watanzania kushauriwa. Bara kukazuka malalamiko, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Je, moto ulizimika? La. Mwezi huohuo Bunge liliridhia hoja ya wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Nyerere alipinga, na mwaka 1994 hoja ikazimwa. Lakini Tume ya Warioba ilipowauliza wananchi, rasimu zake za 2013 zilirudi na pendekezo la serikali tatu.

Kwa maoni yetu, kujitoa peke yake hakuzai utengano. Kinachouzaa ni watu kuamuliwa mambo yao na wengine, na kunyamazishwa wanapouliza.

Pwani yetu ni shahidi. Oktoba 1963 mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar walikubaliana kwamba Mwambao utoke katika himaya ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya. Kamishna James Robertson alikuwa amesikiliza maoni mwaka 1961, lakini kura ya wananchi haikupigwa. Karibu nusu karne baadaye vijana wa MRC walisema, "Pwani si Kenya." Serikali ikawapiga marufuku mwaka 2010. Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba marufuku hiyo ilikiuka Katiba.

Hatusemi kwamba Pwani ijitenge. Wala hatujasahau Agosti 1997, majirani wenye asili ya bara walipofukuzwa kwa panga na kukimbilia kanisani Likoni. Wachochezi walitumia manung'uniko ya kweli ya ardhi na kazi kuwaumiza wasio na hatia. Anayedai haki kwa kumfukuza jirani yake amekwisha kuipoteza.

Njia ya halali ipo. Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba badiliko lolote linalohusu eneo la Jamhuri sharti liidhinishwe kwa kura ya maoni. Basi asiyetaka utengano asitegemee rungu la polisi. Ategemee hati za ardhi, ajira bandarini na baraza ambamo Mpwani na mtu wa bara watasikilizwa sawasawa. Nanyi wapenda mageuzi na waumini, lifungueni baraza hilo katika mitaa na makanisa yenu, kabla wenye panga hawajalifungua kwa niaba yenu.