Usiache Mbachao: Viti vya Ngozi vya Gari Kuukuu

Huenda baba au mjomba amekuachia gari la zamani ambalo injini yake ingali nzima, lakini viti vyake vya ngozi vimekauka kau! Fundi akiviona atakwambia, "Ng'oa hivi, nikuwekee reksini." Usikubali haraka. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mimi nilikosea kabla ya kujifunza. Nilipoachiwa gari la marehemu baba, nilivipaka viti mafuta ya kupikia. Vikang'aa! Wiki chache baadaye gari zima lilinuka mafuta yaliyochacha. Siku ya harusi ya dada yangu, mama alishuka mlangoni mwa kanisa akiwa na doa kubwa mgongoni. Hakusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Kwanza, hakikisha kwamba ni ngozi. Magari mengi ya zamani, hata ya fahari, yana viti vya plastiki inayofanana nayo. Chungulia chini ya kiti, pale ukingo ulipokunjwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi upande wa ndani. Plastiki imegandishwa juu ya kitambaa, na kuipaka mafuta ni kazi bure.

Pili, ondoa vumbi kwa brashi laini. Chovya kitambaa katika maji vuguvugu yenye sabuni isiyo kali, ukikamue sana, kisha ufute bila kulowesha. Pangusa kwa kitambaa kingine chenye maji safi, uache pakauke kivulini wala si juani.

Tatu, tumia mafuta maalum ya kulainisha ngozi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani mengine hutia ngozi weusi. Viti vingi vimepakwa rangi juu, kwa hivyo mafuta huingia polepole. Paka kidogo, acha usiku kucha, futa yaliyobaki, kisha urudie kwa siku tatu au nne. Haraka haraka haina baraka.

Petroli usiiguse, maana huondoa rangi. Rangi ya viatu nayo itahamia kwenye nguo za abiria.

Nisikudanganye, msomaji: ngozi iliyopasuka haiungwi na mafuta. Hapo mwite fundi abandike kiraka kwa ndani. Iliyobaki itunze: egesha gari kivulini, na upake mafuta mara mbili au tatu kwa mwaka.

Viti vyetu havikurudi kuwa vipya. Kile cha dereva kina bonde pale alipozoea kukaa baba, nami nimeliacha. Jumapili hii mama atakaa kando yangu tukienda kanisani, na amesema atavaa nguo yake nyeupe.

Tukutane Jumapili ijayo.