Siku Moja Katika Boma la Mawe la Thimlich Ohinga



Kila ifikapo likizo ya shule, swali la wazazi ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wenye uwezo hutaja Zanzibar. Sisi wa Nyarero, ambao safari ya Dar es Salaam peke yake ni hesabu ya kuuza mbuzi, kwa kawaida hujibu kwa kunyamaza. Safari hii kamati ya msikiti haikunyamaza. Tulikusanya watu kumi na wanne, idadi inayoenea katika Hiace moja: waume na wake zao, bibi mmoja na mwanawe, na watoto watano. Baada ya swala ya Alfajiri tukaelekea Sirari, tuvuke mpaka kwenda kaunti ya Migori nchini Kenya, kulitazama boma la kale liitwalo Thimlich Ohinga.

Maneno yalikuwepo kabla ya safari. Mzee mmoja tunayemheshimu alituuliza inakuwaje Waislamu watumie fedha kwenda kuzuru makazi ya wahenga, mahali ambapo pengine watu waliwahi kufanyia matambiko. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Tulimjibu kwa adabu kwamba hatuendi kuomba wala kutabaruku. Tena Qur'ani yenyewe, katika Suratur-Rum aya ya 9, inawahimiza watu watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliowatangulia, ambao walikuwa na nguvu zaidi, wakailima ardhi na kuistawisha. Mzee alisikiliza, akasema, "Basi nendeni, lakini mkirudi mnieleze." Tulimtaka afuatane nasi, akasema magoti yake hayawezi tena mabarabara.

Pale Sirari yalitokea ya kutokea, na kosa ni letu. Mama mmoja mjane alikuwa ameandikishwa pamoja na binti yake wa miaka tisa. Kazi ya kuhakikisha kila msafiri ana hati ya kuvukia ilikuwa ya katibu. Ya mama tuliikagua; ya mtoto tulidhani imo ndani ya ile ya mama, wala hatukufungua kutazama. Haikuwemo. Maofisa walitueleza kwa upole, na hatukuwa na la kubishana. Mama na binti wakashuka, wakarudi Tarime kwa gari la abiria. Mtoto hakulia mbele yetu, na hilo lilituumiza zaidi kuliko kama angelia. Tukavuka watu kumi na wawili.

Mpaka wenyewe ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliupatania mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, bila kumuuliza aliyekuwa akiishi chini ya mstari. Wakurya wako huku na huku; Wajaluo vivyo hivyo. Kutoka Isebania tulipita mashamba ya tumbaku na miwa, tukafika mji wa Migori, kisha tukaiacha lami na kuelekea kaskazini magharibi mwendo wa kilometa 46. Nchi inabadilika hapo. Vilima vyetu vya migomba vinabaki nyuma, na mbele kuna mbuga kavu, mawe, na miti mirefu yenye utomvu mweupe unaounguza macho. Watoto waliacha kelele wakawa wanatazama dirishani.

Mahali hapo panatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maboma hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jina ni la Kijaluo, na maana yake inakaribia msitu mnene wa kutisha. Kijana aliyetuongoza ni mwenyeji wa hapo hapo, na tunamsifu kwa jambo moja: hakutusomea mambo kama kasuku. Alituuliza. Tulipofika kwenye ukuta aliwaambia watoto, "Nitafutieni udongo uliounganisha mawe haya." Walizunguka, wakapenyeza vidole katika nyufa, wakarudi mikono mitupu. Hakuna udongo, hakuna saruji. Ni mawe juu ya mawe, yamekaa hivyo tangu karibu karne ya 16. Akawaonyesha ufundi wake: ukuta una nyuso mbili zilizojengwa kila mmoja peke yake, wa nje na wa ndani, na katikati mmejazwa mawe madogo yanayozikamata zote mbili. Mahali pengine ukuta unamfika mtu kifuani, pengine unazidi urefu wa watu wawili.

Lango ni fupi. Lazima uiname ili uingie, na kijana alieleza kwa nini: adui anayeingia hutanguliza kichwa. Boma kubwa, Kochieng, lina alama za nyumba za duara, zizi la ng'ombe, mawe ya kusagia, na bao lililochongwa juu ya mwamba. Muadhini wetu alichuchumaa penye bao akahesabu mashimo yake mara mbili. Ilibidi mkewe amwite.

Mtoto mmoja aliuliza kuta zilijengwa kuzuia nini. Kijana akajibu: wanyama wakali, na wezi wa mifugo. "Wezi wenyewe walikuwa akina nani?" Watu wazima tukatazamana. Kijana akacheka, akasema kwamba kila ukoo husimulia kuwa mwizi alikuwa wa upande wa pili. Tulicheka pia, ingawa si sana. Katika wilaya yetu wapo waliozika ndugu zao kwa sababu ya ng'ombe.

Kisha akasema lile ambalo tumerudi nalo. Wajenzi wa kwanza walikuwa watu wa lugha za Kibantu. Baadaye walikuja Wajaluo. Hawakuubomoa ukuta wakajenga wao. Waliishi ndani yake, na palipobomoka walipatengeneza kwa ufundi ule ule walioukuta, hadi karne ya 20. Leo ukiutazama huwezi kuonyesha jiwe la mwenyeji na jiwe la aliyekuja.

Hapa tunalazimika kusema jambo la nyumbani. Mwaka jana kamati yetu ilikaribia kugawanyika juu ya nani ashike ufunguo wa sanduku la sadaka, na mjumbe mmoja akaziita familia zilizotoka upande wa ziwa "wageni". Neno hilo limo katika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wetu, na hatukulipinga. Mhazini, ambaye ni Mjaluo, alikuwepo siku ile, na alikuwepo Thimlich. Alikuwa amesimama pembeni ya Muadhini, ambaye ni Mkurya, ameweka kiganja juu ya ukuta. Hakuna aliyesema neno. Wakati wa kwenda kutawadha, Muadhini ndiye aliyemshikia Mhazini kanzu asiilowanishe.

Adhuhuri na Alasiri tuliziswali kwa kukusuru na kukusanya, chini ya kivuli nje ya boma, kina mama nyuma yetu. Kwa madhehebu ya Imam Shafii masafa ni kilometa 80 na kidogo, na sisi tulikuwa tumeyapita. Chakula kilikuwa samaki na ugali. Anayesafiri na mashaka ya machinjo na amshukuru Mola kwa samaki, asiyehitaji kisu cha mtu.

Tulipokuwa tunaondoka, kijana alimwona binti mmoja amefumba mkono. Ndani mlikuwa na kijiwe. Alikuwa anampelekea mwenzake aliyerudishwa Sirari. Kijana hakumkaripia. Alimweleza kwamba kila mgeni akichukua kimoja ukuta utakwisha, akamwachia achague mwenyewe pa kukirudisha. Alichukua muda mrefu kuchagua.

Safari ya pili itakuwa likizo ijayo, inshaallah, watu kumi na wanne tena. Majina mawili ya kwanza yamekwisha kuandikwa, na maombi ya hati ya mtoto yule tumeyapeleka wenyewe. Tulimtembelea pia yule mzee kama tulivyoahidi. Alitaka kujua zaidi habari za lile bao.