Mbegu za bure hazitoshi, Mara ikamue alizeti yake

Kila msimu unapokaribia, wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, huhimizwa kulima alizeti. Ushauri wenyewe hauna kasoro. Zao hili hukomaa kwa siku 90 hadi 120, huvumilia upungufu wa mvua kuliko mahindi, wala halina gharama ya kupulizia dawa mara kwa mara kama pamba. Katika jimbo la Musoma Vijijini, mbegu zake zimewahi kugawiwa bure kwa juhudi za mbunge, Profesa Sospeter Muhongo, na waliozipokea walishukuru kwa haki.

Lakini kugawa mbegu mahali pasipo na mashine ya kukamulia, mizani ya haki wala afisa ugani anayefika shambani si kuendeleza kilimo. Ni kumtwisha mkulima hasara ambayo aliyempa mbegu hataibeba. Viongozi wa Mara hawapaswi kuendelea kuhesabu kilo walizogawa na kuita hesabu hiyo mafanikio.

Mahitaji ya nchi yanajulikana. Mwaka 2021 Serikali ilieleza kuwa Tanzania inahitaji tani 570,000 hivi za mafuta ya kula kwa mwaka, huku ikizalisha tani 205,000 tu. Pengo hilo huzibwa kwa fedha za kigeni. Juni mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wadau mjini Singida, na mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikatangulizwa katika mkakati wa alizeti. Mara haikuwemo. Hilo halikuwa ruhusa ya kukaa kusubiri zamu. Ukitoka Bunda kwa barabara ya Mwanza unaingia Busega, mkoani Simiyu, na udongo haubadiliki kwa sababu umepita kibao cha mpaka.

Kisha ukaja mwaka 2022. Urusi iliivamia Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza kwa kuuza mafuta ya alizeti duniani, na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasitoke nje. Mama lishe wa Musoma aliuona mtikisiko huo kwenye bei ya kidumu cha mafuta. Wakulima wa mikoa ya kati nao wakaona neema, wakapanua mashamba. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka, na kilio chao kikafika bungeni: mafuta ya nje yamejaa sokoni kwa bei ya chini. Aliyekuwa na gunia la mbegu ghafi tu hakuwa na pa kukimbilia.

Mara haikuhitaji kufunzwa hayo na Singida. Wazee wa Bunda na Mugango wamelima pamba maisha yao yote. Wameona vyama vya ushirika vikiyumba, wameona kiwanda cha nguo cha Mutex mjini Musoma kikifunguliwa kwa matumaini makubwa na baadaye kufungwa. Mkoa ukabaki kuuza malighafi na kununua khanga. Kurudia mwendo huo kwa alizeti, macho yakiwa wazi, hakutakuwa na udhuru.

Tazama mavuno yenyewe. Kisogo cha kichwa cha alizeti kikigeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha kahawia, mkulima hukata, huanika, hupiga kwa fimbo juu ya turubai na kupepeta. Kabla ya hapo ameamka alfajiri wiki nzima kufukuza ndege. Ndipo anafika mlanguzi na gunia lake. Analijaza, analishindilia kwa mguu, anaongeza kilemba juu na kulishona kwa kamba. Hiyo ni lumbesa, na ni kosa kisheria. Kwa alizeti dhuluma yake ni nyepesi kufichika, kwa kuwa mbegu hii ni nyepesi: gunia linalobeba kilo 100 za mahindi hubeba kilo 65 hivi za alizeti, na bila mizani hakuna ajuaye kilo ngapi zimeondoka bure. Wakala wa Vipimo na watendaji wa vijiji wana wajibu hapa, na wajibu huo hauhitaji bajeti mpya.

Gunia hilo hilo likikamuliwa kijijini hutoa lita kati ya 15 na 20 za mafuta, kutegemea mbegu na mashine, na zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa mashudu. Katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama Mara, mashudu si taka. Anayeuza mbegu ghafi anauza mafuta na chakula cha mifugo yake kwa bei ya kitu kimoja.

Fedha za kuanzia zipo kwenye sheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo inunue mashine za kukamulia zenye vichujio, na vikundi visaidiwe kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) ili mafuta yao yaingie dukani.

Utafiti nao usiachwe kando. Alizeti haikujaa mafuta yenyewe. Huko Krasnodar, Urusi, Vasily Pustovoit alichagua mbegu mwaka baada ya mwaka hadi mafuta yakapanda kutoka karibu theluthi ya uzito wake kufikia karibu nusu. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, imepewa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Chuo hicho kishirikiane na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kuwaambia wakulima wa Suguti na Nyamuswa ni mbegu ipi inafaa udongo wao, ipandwe vuli au masika, na kwa nini mbegu chotara iliyobakizwa kutoka mavuno yaliyopita huwaangusha. Kiwafundishe pia kutopulizia sumu maua yakiwa wazi, maana nyuki wakifa vichwa hubaki na mapepe.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama tunazitaka zibadili utaratibu katika bajeti ijayo. Mbegu zifike kabla ya mvua, mizani iwekwe kila kituo cha kununulia, na kila kata inayohimizwa kulima alizeti iwe na mashine ya kukamulia inayofanya kazi. Kata isiyo na mashine isipelekewe lori la mbegu. Madiwani wakatae kupitisha bajeti inayosema vinginevyo.