Makumbi Yetu na Udongo Wetu

Kila zinapokaribia mvua za masika, vitalu vya miche katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba huanza kujaza mifuko. Humo huoteshwa mikarafuu, mipapai, nyanya, pilipili na mimea mingineyo. Mifuko hiyo hujazwa udongo, na udongo huo hauteremki kutoka mbinguni. Huchimbwa mashambani, tena katika ardhi ya kinongo ambayo ndiyo tegemeo la mkulima. Mfuko mmoja ukichukua kilo mbili tu, miche laki tano huchukua tani 1,000 za udongo wa juu, na nyuma yake hubaki mashimo. Ni vyema tukajiuliza iwapo hapana njia nyingine.

Swali hili si dogo kwa watu wa visiwani. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ilituhesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda wa mawe, na huku kwenye udongo wa kina nyumba zinazidi kusogelea mashamba. Serikali imekwisha weka masharti juu ya uchimbaji wa mchanga. Itakuwa ajabu iwapo udongo wa rutuba, ambao una thamani zaidi, utaendelea kuchotwa bila ya hesabu.

Njia nyingine ipo, nayo tunaikanyaga kila siku. Kumbi la nazi likipigwa ili kutoa usumba, hubaki vumbi la rangi ya hudhurungi, na vumbi hilo huwa ndilo sehemu kubwa ya kumbi lenyewe. Akina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani, ambao hufukia makumbi pwani kwa miezi kadhaa kisha wakayapiga na kusokota kamba, wanalijua vyema. Kwetu vumbi hilo hutupwa. Wenzetu wa India, waliounda Bodi ya Usumba tangu mwaka 1953, na wale wa Sri Lanka, hulikausha, hulishindilia mfano wa matofali na kuliuza ng'ambo. Wakulima wa Uholanzi hulinunua kwa ajili ya nyanya zao. Huko Kanada, ambako bangi iliruhusiwa kisheria mwaka 2018, wapo wanaoiotesha ndani ya nyumba kwa vumbi hilo hilo, na hubishana kama linaushinda udongo. Kwetu sisi mmea huo umepigwa marufuku, na marufuku hiyo haina mjadala hapa. Lakini ubishi wao kuhusu makumbi na udongo unatuhusu sisi tulio na minazi kuliko wao wasiokuwa nayo.

Sifa za vumbi hili si za kubuni. Hushika maji mengi mara kadhaa kuliko uzito wake, na bado huacha nafasi ya hewa kupita, hivyo mizizi hailowi ikaoza. Ni jepesi kubeba. Tena, likiwekwa mahali safi, halileti magugu wala minyoo ya mizizi na maradhi ya mnyauko ambayo udongo wa shamba lililochoka huyahamisha kutoka konde moja hadi jingine.

Hata hivyo, wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Udongo una chakula cha mmea ndani yake, na humvumilia mkulima aliyekosea kipimo au aliyechelewa kutia mbolea. Vumbi la makumbi halina chakula cha kutosha. Anayeotesha ndani yake hana budi kuulisha mche tangu mwanzo. Aidha, hung'ang'ania madini ya chokaa hata mmea ukayakosa. Na kwa makumbi yetu yaliyofukiwa pwani, kuna kasoro kubwa zaidi, nayo ni chumvi ya bahari. Atakayelichota vumbi hilo ufukweni na kulitia kwenye mfuko siku hiyo hiyo ataiua miche yake, kisha atayalaumu makumbi.

Dawa yake haihitaji mtambo. Vumbi lirundikwe juu ya sakafu yenye mteremko ili lioshwe na mvua za masika au vuli, kwani maji baridi ya visima ni adha katika vijiji vingi vya pwani. Likishatoka chumvi, lichanganywe na samadi iliyooza vyema. Kwa njia hiyo udongo utabaki shambani, mahali pake, na makumbi yatachukua kazi ya kitaluni.

Tunatoa wito kwa wakuu wa kilimo kwamba vitalu vya Serikali viwe vya kwanza kujaribu. Miche ya aina moja ioteshwe kwa udongo, kwa makumbi yaliyooshwa, na kwa mchanganyiko wa viwili hivyo. Wataalamu wa utafiti wa Kizimbani wapime, na matokeo yatangazwe kwa lugha anayoielewa mkulima. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Jambo la mwisho ni la haki. Makumbi si taka. Kwa nyumba nyingi ni kuni, na kwa akina mama wa pwani ni riziki. Iwapo vitalu vitalihitaji vumbi, basi linunuliwe kwao kwa bei ya halali, lisije likachukuliwa bure kwa kuwa jana lilikuwa likitupwa. Udongo tuliourithi hatuwezi kuufuma upya. Makumbi huanguka kila mwezi, na yanangoja mtu wa kuyaokota.