Kalamu Sasa ni Yako, Kijana

Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi huku Njoro, Molo na Naivasha walining'iniza kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ndani mlikuwa na alama za vidole, mshahara na jina la tajiri. Tajiri ndiye aliyeandika. Asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali.

Leo kijana aliyehitimu Egerton hujiandikia habari zake mwenyewe katika mtandao wa LinkedIn, uliofunguliwa mwaka 2003. Lakini wengi nawaona wakiandika "mchapakazi, natafuta kazi", basi. Ukiwauliza, hujibu kwamba kizuri chajiuza. Mimi nakataa. Hata muuza viazi wa Molo huvipanga vyema juu ya gunia ili mnunuzi avione.

Kijana, sema ulichokitenda. Chini ya jina lako taja ufundi wako, si shida yako. Kama ulitunza maua Naivasha, eleza ni maua gani, ekari ngapi, na nini kilichotengenea mikononi mwako. Weka picha inayoonyesha uso. Mwombe aliyekusimamia akushuhudie kwa maandishi. Wala usitie chumvi, maana msimamizi huyo naye husoma.

Babu zetu waliandikwa na wengine. Wewe uliyeshika kalamu, andika kweli, tena usijipunje.